Maisha ya Fundi Salesio Mbaabu na Meza ya Watoto wa Samatar

Kwako padri, kwenu wazee wa mtaa, majirani wetu wa Bulla Pesa, ndugu mliosafiri kutoka Tigania na ninyi mliosafiri kutoka Merti, wenye kusalimu kwa habari na wenye kusalimu kwa salaam aleikum, familia inawapokea nyote. Mimi ni Gatakaa, mtoto wa pili wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu daftari la tarehe za nyumba hii liko kwangu tangu mwaka 1981. Maandishi haya marehemu aliyasikiliza yote mwenyewe tarehe 2 Agosti mwaka huu, akiwa kitandani, akasahihisha tarehe mbili na jina la mto mmoja, kisha akaagiza kwamba sehemu ya mwaka 1966 isomwe yote bila kupunguzwa, hata kama mvua itanyesha, na kwamba asiyependa kuisikia asilazimishwe kukaa.

Salesio Mbaabu wa Kiugu alizaliwa Mikinduri, Tigania, mwaka 1931, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kiugu na mama Kinanu, na ingawa kitambulisho chake kinasema 1933, kadi ya ubatizo inasema 1931 na yeye mwenyewe alishikilia kadi. Alianza shule ya misheni mwaka 1940 na kuiacha mwishoni mwa mwaka 1945 baada ya baba yake kufariki, akiwa anajua kusoma, kuandika, na hesabu za kugawanya, ambazo alisema zilimtosha kwa maisha yote kwa kuwa kazi ya mbao ni kugawanya tu. Mwaka 1948 alipokelewa katika karakana ya misheni huko Meru, akafundishwa useremala na bruda mmoja Mwitaliano kwa miaka sita, miaka miwili ya kwanza ikiwa ni kunoa patasi na randa tu, bila kuruhusiwa kukata chochote, na hadi uzee wake aliweza kujua kwa kupitisha ukucha kama patasi ya mtu mwingine imenolewa na mvivu.

Tarehe 22 Septemba 1956, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, Yulia Kagendo, na mwezi Machi mwaka uliofuata walihamia Isiolo, marehemu akiwa ameandikwa kazi ya useremala katika idara ya ujenzi ya serikali. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kithinji aliyezaliwa 1957, mimi niliyezaliwa 1959, na Kinanu aliyezaliwa 1964, wote tuko hapa, pamoja na wajukuu wanane na kitukuu mmoja.

Kazi yake ya kwanza hapa mjini ilikuwa kabati la nguo la karani mmoja, alilolitengeneza kwa mbao nzuri za muuru kutoka msitu wa Meru, akalikabidhi mwezi Juni, na mwezi Agosti mlango wake ukapasuka kutoka juu hadi chini kwa mlio ambao karani alidhani ni bunduki. Marehemu hakulaumu mbao wala karani, aliulaumu upepo wa Isiolo, ambao hunywa maji ya mti haraka kuliko mti unavyoweza kuyatoa, na alikaa karibu mwaka mzima akitafuta dawa yake. Dawa aliipata kwa mzee Erot, Mturkana aliyekuwa akichonga vigoda na vyombo vya maziwa karibu na mto Isiolo, ambaye alimwonyesha kwamba mti unaotoka kwenye baridi haupaswi kuletwa kwenye joto ukiwa uchi, bali hufukiwa kwanza katika mchanga wenye unyevu kidogo, chini kiasi cha mkono mmoja, ukafunikwa na kusahauliwa kwa miezi minane, ili ukauke polepole bila kujua kwamba unakauka. Tangu hapo marehemu hakufanya kazi na mbao ambazo hazijapita mchangani, na alipoacha kazi ya serikali mwaka 1961 na kujenga karakana yake hapa nyumbani, pale mlipoona turubai, kitu cha kwanza alichochimba kabla hata ya msingi kilikuwa shimo la mbao, nyuma ya ukuta wa jikoni, urefu wa futi tisa na upana wa futi tatu.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo inahusika na haya yanayofuata. Mteja akishachagua mbao zake, marehemu aliandika jina la mteja huyo kwa rangi nyeusi kwenye ncha ya kila ubao, na kuanzia siku hiyo hakuziita tena mbao zake, hata kama ni yeye aliyezinunua na kuzibeba. Ukimuuliza hizi ni za nani, alikujibu za fulani, na katika nyumba yetu tulikua tukisikia majina ya watu yakitajwa kama majina ya mbao.

Mzee Samatar Abdisalan, Msomali, alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu upande wa msikiti, mtoto wa askari wa zamani wa jeshi la mkoloni aliyepewa makazi hapa Isiolo baada ya vita, na kazi yake ilikuwa usafirishaji, akiwa na lori moja lililokwenda Merti na kurudi. Mwezi Januari 1966, wakati barabara zile zilikuwa zimeshakuwa za kupita kwa kibali na msafara kwa sababu ya vita vya shifta, mzee Samatar alikuja kwenye karakana na watoto wake sita, akasema anataka meza. Mkewe, mama Falis, alikuwa amemcheka nyumbani kwamba meza ni ya nini wakati wao wanakula chini kwenye sinia na tumbo linajaa vilevile, naye akamjibu kwamba meza si ya kula, ni ya kuandikia, kwa sababu mtoto wake mkubwa, Kinsi, mwenye miaka kumi, alikuwa wa kwanza darasani na alikuwa akifanya kazi ya shule juu ya gunia la mahindi.

Marehemu alimketisha kila mtoto kwenye kigoda, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akaweka alama kwa kalamu kwenye mwimo wa mlango wa karakana na jina pembeni yake, kisha akachagua kimo cha Kinsi, akamwambia mzee Samatar kwamba ni rahisi wadogo kuifikia meza kuliko meza kuwafikia wao. Alama zile sita bado zipo, na anayetaka kuziona anaweza kuziona baada ya mazishi. Mbao sita za muuru zilifukiwa siku ya Jumanne, tarehe 8 Februari 1966, zikiwa na jina la Samatar kwenye ncha, na zilipaswa kufukuliwa mwanzoni mwa Oktoba.

Wale wenye umri wangu wanaikumbuka hali ilivyokuwa, na wale wadogo ni vizuri wajue. Serikali ilikuwa ikipigana na shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka sehemu hii ijitenge na Kenya. Amri ya kutotoka nje ilianza saa kumi na mbili jioni, watu walitazamana dukani kabla ya kusalimiana, watu walimshangaa Mmeru akionekana akicheka na Msomali, na walimshangaa Msomali akionekana kabisa. Kuna mtu, ambaye hatukumjua na marehemu alikataa atafutwe, alikwenda kusema kwamba fundi wa Bulla Pesa amezika vitu virefu nyuma ya jikoni, na kwamba Samatar mwenye lori alikuwapo vikizikwa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Mei 1966, muda mfupi baada ya alasiri, wanajeshi tisa na afisa wao waliingia hapa uwanjani, wakiongozwa na askari wa utawala aliyeitwa Dadacha, Mborana, ambaye alikuwa anatufahamu na ambaye mwaka mmoja kabla yake marehemu alimtengenezea kitanda. Mama aliamriwa akae chini pamoja nasi, karakana ikapekuliwa hadi kopo la gundi, kisha wakauliza shimo liko wapi, na marehemu akawaonyesha bila kusita, kwa maana hakuwa na hofu, alijua kilichomo.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani ni seremala tu angeweza kulifanya. Walipoinua majembe, yeye aliwaomba wasichimbe. Alisema, "Afande, tafadhali, msizifungue sasa, hazijaiva, zikipata jua leo zitapasuka." Afisa akamtazama, akauliza ni nini hicho kinachopasuka kikipata jua, na badala ya kusema kwanza ni mbao, marehemu akaanza kueleza habari za upepo na unyevu na miezi minane, akiwa ameshika mpini wa jembe la mwanajeshi kwa mikono miwili. Dadacha alimwambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza, fundi, unaongeza," lakini hakunyamaza, na mama alituambia baadaye kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mume wake akisema maneno mengi namna ile.

Walichimba, wakatoa mbao sita, wakachimba tena chini yake futi nne na hawakupata kitu. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa amelowa jasho alisema, "Tumefukua kaburi la kabati," na wenzake wakacheka, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba jambo limekwisha hapo. Marehemu alikuwa tayari ameokota gunia ili azifunike. Ndipo afisa alipogonga ubao mmoja kwa fimbo yake, akasikia jinsi ulivyo mgumu, akauliza, "Mbao za nani?"

Marehemu akajibu, "Za Samatar."

Maneno ni hayo mawili. Aliagiza yasomwe kama yalivyo, na aliagiza pia niseme kwamba mbao wakati ule zilikuwa zake kwa haki yote, kwamba angeweza kusema zangu na asingekuwa amesema uongo, na kwamba kwa miaka arobaini na mitano alijiuliza kama alisema vile kwa mazoea ya kazi, jinsi alivyomjibu kila mtu aliyeingia karakanani, au alisema kwa woga, kwa kuwa jina la mwenzake lilikuwa karibu na mdomo kuliko lake mwenyewe, na hakupata jibu. Mimi nilimwambia ilikuwa mazoea. Alinijibu, "Wewe hukuwa mdomoni mwangu."

Afisa aliona ncha za mbao, akasoma jina, akasema mti mgumu namna hii, wa Msomali mwenye lori, umefichwa chini ya ardhi kwa fundi, kazi yake ni vitako vya bunduki. Mzee Samatar alichukuliwa nyumbani kwake jioni ile ile, kabla ya magharibi, akiwa amevaa kikoi na ndara, lori lake likashikwa, na mama Falis alisimama mlangoni akiuliza kwa Kisomali kisha kwa Kiswahili, "Amefanya nini? Niambieni amefanya nini," na hakuna aliyemwambia. Mbao ziliegemezwa kwenye ukuta wetu wa mashariki kama ushahidi, mwanajeshi mmoja akaachwa kuzilinda, na amri ikatolewa kwamba asiziguse mtu wala zisifunikwe. Zilikaa juani tangu Alhamisi hadi Jumatatu, tarehe 16. Ubao wa kwanza ulipasuka Ijumaa saa nane mchana, na yule mlinzi akalala chini kifudifudi akidhani ametupiwa risasi, na hadi Jumatatu zilikuwa zimepasuka nne, marehemu akiwa ameketi kwenye kigoda mbali nazo kiasi cha hatua kumi, ambao ndio umbali aliokubaliwa, akisikiliza.

Ni haki yake isemwe pia kwamba alijaribu kulirudisha lile neno. Tarehe 13 Mei alikwenda ofisini kusema mbao ni zake, akaambiwa aende nyumbani. Tarehe 20 alikwenda tena, na karani akamuuliza mbele ya watu, "Hizi mbao zina wenyewe wangapi, fundi? Au kesho atakuja mke wako aseme ni zake?" Tarehe 3 Juni alikwenda mara ya tatu na mama akamfungia chakula kwenye kitambaa, kwa kuwa walijua atazuiliwa, na kweli alifungiwa siku nne, akaachiliwa bila kuandikwa popote. Mzee Samatar wakati huo alikuwa ameshapelekwa kambi ya mbali huko kusini, na hata barua haikumfikia.

Lori liliposhikwa, nyumba ya mzee Samatar ilibaki bila mtu wa kuiletea riziki, na mwezi Agosti 1966 Kinsi alitolewa shule, akiwa darasa la nne, ili amsaidie mama yake kuuza maziwa. Wadogo zake walifuata mmoja baada ya mwingine.

Marehemu alianza kuitengeneza ile meza siku ya Jumatatu, tarehe 5 Septemba 1966. Hakuna aliyemwagiza aendelee, na mama alimuuliza anamtengenezea nani, akasema mwenyewe anajulikana. Fundi yeyote ajua kwamba ubao uliopasuka hujazwa kwa gundi na vumbi la msumeno, ukapigwa msasa na kupakwa rangi, na mteja asijue, lakini yeye aliziacha nyufa wazi, akazishika zisiendelee kwa vipande vidogo vya mti mweusi alivyopewa na mzee Erot, vipana kwenye ncha zote mbili na vyembamba katikati, alivyovizamisha upande huu na upande ule wa ufa kama mkono unavyoshika mkono. Kuna vipande kumi na viwili, na kila kimoja kilimchukua karibu wiki, kwa sababu tundu lake likizidi kwa unene wa karatasi hakishiki, na likipungua, ubao hupasuka upya.

Hakuna msumari hata mmoja katika meza ile. Watu wamesema ni ufundi, na ni kweli, lakini sababu ya kwanza ilikuwa doria, ambayo ilisikiliza kila mlio wa jioni, hivyo kazi ya kugonga aliimaliza kabla ya saa kumi na moja, na muda uliobaki alisukuma patasi kwa kiganja cha mkono, akaingiza ulimi wa kila mguu katika tundu lake kwa kuukandamiza kwa uzito wa mwili, na kuufunga kwa kabari ya mzeituni wa porini. Mara mbili doria ilisimama nje ya ukuta na kuuliza anafanya nini, na mara zote mbili alijibu, "Natengeneza meza yangu," na mama anasema baada ya kusema hivyo hakuweza kuendelea na kazi kwa siku hiyo. Chini aliweka ubao wa kukanyagia miguu, kwa watoto ambao miguu yao haifiki sakafuni. Alimaliza siku ya Jumamosi, tarehe 30 Septemba 1967, futi saba kwa futi tatu na nusu, kimo cha Kinsi.

Mapatano ya kumaliza vita yalipofikiwa mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, waliozuiliwa walianza kurudi kidogo kidogo, na mzee Samatar alirudi Jumanne, tarehe 5 Desemba 1967, amekonda na ana kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Siku ya tatu alikuja karakanani akitembea kwa fimbo. Marehemu alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo kwa mwaka na nusu, na alipomwona mlangoni akavuta turubai tu. Mzee Samatar aliizunguka meza mara moja, akapitisha kidole kwenye nyufa zote nne, akahesabu vile vipande kwa sauti hadi kumi na mbili, kisha akasema, "Ulisema zitapasuka."

Marehemu akasema, "Nilisema na jingine."

Mzee Samatar akakohoa, akasema, "Niliambiwa, nililisikia kule. Kaa na meza kwanza, fundi. Nitatuma watoto waichukue." Akaenda zake. Hawakupeana mkono, wala hawakukataana mkono.

Watoto hawakuja. Hawakuja mwezi huo, wala mwaka uliofuata, na marehemu alielewa kwamba huo ndio ulikuwa uamuzi juu yake, uliosemwa kwa adabu na mtu mwenye adabu. Mzee Samatar alifariki tarehe 19 Agosti 1971, marehemu akaenda mazishini, akasimama nyuma ya watu wote na viatu mkononi. Kuna waliomshauri aipeleke meza mwenyewe, naye akajibu kwamba kumpelekea mtu kitu ambacho alisema atatuma watoto wakichukue ni kumlazimisha akusamehe mbele ya mlango wake. Mwaka 1979 kaka yangu Kithinji, bila ruhusa, aliipakia kwenye mkokoteni akaifikisha hadi kwa mama Falis, ambaye aliitazama bila kuigusa, akasema, "Nani amekutuma? Mwenyewe alisema atatuma watoto. Mimi si mtoto. Irudishe," na alipoirudisha, marehemu hakumsemesha mwanawe kwa wiki mbili. Mama Falis alifariki mwaka 2003. Katika nyumba yetu hakuna aliyekula juu ya meza ile, wala kupiga pasi, wala kuandika, na kila tarehe 12 Mei marehemu alitoa turubai, akaipaka mafuta kwa kitambaa, akaifunika tena. Mwaka huu, kwa kuwa hakuweza, aliniita niipake mimi, akaniambia nipake na chini.

Aliendelea na kazi hadi mwaka 2006, na katika mji huu mna milango, vitanda na madawati yake mengi kuliko ninavyoweza kutaja. Mwezi Machi mwaka huu wa 2011 alipata kiharusi upande wa kushoto, akalazwa hapa Isiolo kwa siku kumi na moja, kisha Meru kwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa na uwezo wa kusema lakini si wa kushika. Tangu Septemba alidhoofika, na siku ya Jumatatu, tarehe 14 Novemba 2011, saa kumi na moja alfajiri, alifariki kitandani mwake, mama akiwa amemshika mkono wa kulia. Siku mbili kabla, aliuliza kama kuna mtu amekuja kuuliza habari za meza, nikamwambia hapana, akasema, "Basi iache ilipo."

Maandishi aliyoyakubali marehemu yaliishia kwenye kurudi kwake kutoka Meru, na habari za kudhoofika na kufariki kwake niliziongeza wiki hii. Karatasi hii moja nimeiongeza leo Jumamosi asubuhi, na ninaisoma kwa ruhusa ya mama.

Saa mbili kasorobo leo asubuhi lori liliingia kwa nyuma hapa uwanjani, akashuka mama mmoja wa makamo, na vijana wawili pamoja naye, akaenda moja kwa moja karakanani bila kuuliza njia, na nilipomfuata nilimkuta amesimama kwenye mwimo wa mlango, amekunja mkono, amelinganisha kiwiko chake na alama ya kalamu. Alikuwa ni Kinsi binti Samatar, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mfanyabiashara huko Merti na Biliqo, na lori lile ni lake. Nilimpa pole ya safari, naye akanipa pole ya msiba, kisha akasema, "Dada, nimetumwa na baba kuchukua meza. Nimechelewa kidogo."

Nikamuuliza alitumwa lini.

Akasema, "Jioni ile ile aliyotoka hapa kwenu. Alirudi akasema, Kinsi, wewe na wadogo zako nendeni kwa fundi mkachukue meza yenu, ni nzuri. Mimi nikamwambia siendi. Nilikuwa na ndoo ya maziwa kichwani. Nikamwambia meza ya kusomea nitaisomea nini? Hakunipiga, hakurudia. Alisema, ukiwa tayari utakwenda, nimeshakutuma. Na wadogo zangu nikawakataza." Kisha akasema kwamba hakuwahi kujua kuwa huku kwetu kulikuwa na mtu anayengoja, alidhani fundi aliiuza zamani, kwa kuwa habari ya mkokoteni mama yake hakumwambia, mpaka Jumanne alipopata habari ya msiba kwa simu, na aliyempigia akamwambia ile meza bado iko chini ya turubai.

Mama Yulia alimwambia kwamba marehemu alikufa akidhani hakutumwa mtu. Kinsi akafuta meza kwa ncha ya shuka yake ingawa haikuwa na vumbi, akasema, "Basi mambo haya yasomwe, wayasikie waliokuja kwa ajili yake." Nimeyasoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Isiolo na wa Meru waliomhudumia kwa miezi minane, padri na wanajumuiya waliomletea sakramenti kila Ijumaa, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili kwa siku mbili na kukataa kutumia misumari, majirani waliokesha nasi tangu Jumatatu, Waislamu na Wakristo, ukoo wa mzee Dadacha waliotuletea mbuzi na maziwa, na Kinsi binti Samatar kwa safari yake. Baada ya mazishi wote mnakaribishwa chakula hapa nyumbani, na vijana wanne wenye nguvu wanaombwa wabaki, kwa sababu meza ni nzito na inasafiri leo hadi Merti, ambako Kinsi ana wajukuu saba wanaosoma.

Baba, watoto waliotumwa wamefika. Meza si ya kungoja tena, na wewe pia usingoje, pumzika.